Neno «sarmadi»: maana yake, asili yake, na kasoro ya kulifasiri kwa visawe

0. Utangulizi

Lugha ya Kiswahili haina upungufu wa maneno ya kutaja jambo lisilokoma. Msemaji anaweza kuchagua baina ya milele, daima, abadi, azali na siku zote, na kila moja limepata mahali pake katika sala, katika barua, katika nyimbo au katika mazungumzo ya nyumbani. Pembeni ya jamaa hii kubwa limesimama neno moja ambalo wasemaji wengi huishi hata kuzeeka bila kulitamka, nalo ni sarmadi. Si neno la sokoni wala la barabarani. Anayelijua amelikuta katika ushairi, katika kamusi, au amelipokea kwa mwalimu aliyesoma vitabu vya Kiarabu.

Mwanafunzi anapouliza maana yake, jibu huwa tayari: sarmadi ni milele. Jibu hilo si kosa, lakini halitoshi, na kutotosha kwake ndiko kunakochunguzwa katika makala haya. Patahojiwa mambo matatu. Kwanza, kamusi zinazoliorodhesha neno hili hulifasiri kwa visawe, nazo kwa kufanya hivyo huficha kile kinacholitofautisha na wenzake. Pili, umbo la neno na asili yake vyaonyesha kwamba wazo lake la msingi lilikuwa kutokatika. Wazo la kutokuwa na mwisho lilikuja baadaye. Tatu, tofauti hiyo ina uzito hata nje ya maktaba, kwa kuwa inagusa namna maneno ya sheria yanavyofasiriwa kwa wananchi wa Kongo wanaosema Kiswahili.

1. Neno katika kamusi

Msomaji wa Kiswahili katika Kongo amezoea kufungua vitabu vya aina mbili. Upande mmoja zipo kamusi zilizotungwa kwa Kifaransa, ya Charles Sacleux iliyotolewa Paris mwaka 1939 na ya Alphonse Lenselaer ya mwaka 1983. Upande wa pili zipo kamusi za Afrika Mashariki, ile ya Frederick Johnson ambayo nayo ilitoka mwaka 1939, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotayarishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 1981. Kazi hizi zimewafaa watafiti kwa miaka mingi, na hakuna anayeweza kuzidharau. Hata hivyo, zinapofikia maneno adimu, kamusi kwa jumla hutegemea njia moja iliyo nyepesi: neno gumu hubadilishwa kwa neno rahisi, kisha kazi huhesabiwa imekwisha.

Kwa njia hiyo sarmadi hupewa maana ya daima au milele. Msomaji akiendelea hadi daima, atarudishwa kwenye milele. Akienda kwenye milele, atapelekwa tena kwenye daima. Amezunguka nyumba nzima bila kuingia mlangoni. Baada ya mzunguko huo anajua kwamba maneno matatu ni ndugu, lakini hajui nani mkubwa, nani mdogo, wala kila mmoja anafanya kazi gani.

Wanaisimu wana kipimo kinachojulikana cha kutambua kama visawe ni visawe kweli. Neno moja huondolewa katika sentensi na jingine huwekwa mahali pake. Ikiwa sentensi inabaki salama katika mazingira yote, maneno hayo yanalingana. Itazamwe sentensi hii: «Mvua ilinyesha mfululizo mpaka Jumamosi.» Hakuna tatizo. Likiondolewa neno mfululizo na kuwekwa milele, sentensi huvunjika, kwa kuwa milele haikubali kufungwa na mpaka. Anayesema «milele mpaka Jumamosi» anafanya mzaha au hajui anachosema. Hivyo kipimo hiki kinagawa maneno ya muda katika makundi mawili: yanayokataa mpaka na yanayoukubali. Swali linalofuata ni hili: sarmadi liko katika kundi gani?

2. Umbo la neno

Kabla ya kujibu, yafaa neno lenyewe litazamwe sura. Kwamba limetoka katika Kiarabu hakuna shaka. Neno sarmad linajulikana katika lugha hiyo tangu zamani. Linalohitaji maelezo ni namna lilivyovuka.

Kiswahili, kama lugha nyingine za Kibantu, hupenda silabi zinazoishia kwa irabu. Maneno ya kigeni yaliyopita vinywani mwa watu wengi, mabaharia, wachuuzi na wake wa nyumbani, yalivunjwa na kupewa irabu za kuyapatanisha na tabia hiyo. Markab ya Kiarabu imekuwa merikebu, na marjan imekuwa marijani. Katika maneno yote mawili konsonanti r ilikuwa imegusana na konsonanti nyingine, na ulimi wa Mswahili ukaingiza irabu katikati. Lakini katika sarmadi, r na m zimebaki zimeshikana. Umbo kama sarimadi lingetarajiwa ikiwa neno lingepita njia ileile ya merikebu. Kubaki kwake bila kuvunjwa kwaelekeza upande wa watu wa vitabu: neno lilichukuliwa na waliojua kusoma Kiarabu, likatumiwa baina yao, wala halikushuka kwa kiasi cha kusagwa na matumizi ya kila siku.

Mwisho wa neno nao una habari yake. Nomino za Kiarabu zinapoingia katika Kiswahili bila irabu ya mwisho, huongezwa irabu inayolingana na konsonanti iliyotangulia. Baada ya konsonanti za midomo huja u, kama katika kitabu na adabu. Baada ya d huja i, kama katika abadi, ahadi na baridi. Sarmad likawa sarmadi kwa kanuni hiyo hiyo. Jambo hili linasaidia kukataa dhana moja inayoelekea kukubaliwa kwa urahisi, kwamba neno limechukuliwa moja kwa moja katika Kurani. Katika aya linamopatikana, neno lina umbo la sarmadan, lenye mwisho wa kielezi. Miisho ya namna hiyo ilipoingia Kiswahili iliacha alama: da'iman limekuwa daima, na abadan limekuwa abadani. Kama sarmadan lingefuata njia hiyo, leo kungekuwa na sarmada au sarmadani. Umbo lililopo ni la neno tupu.

Kuna uwezekano wa pili, kwamba i ya mwisho ni ile ya vivumishi vya Kiarabu, kama katika rasmi, na kwamba neno la asili ni sarmadi lenye maana ya «-a sarmad». Kifonolojia njia zote mbili zinapitika. Lakini kamusi huliweka neno hili katika kundi la vielezi, na hilo laelekea zaidi kwenye nomino. Katika Kiswahili nomino za wakati hugeuka vielezi bila kuongezwa kitu: mtu huondoka asubuhi, hurudi jioni, hulala usiku. Maneno ya jamii ya rasmi, kinyume chake, kazi yao ya kwanza ni kusifu nomino nyingine. Sarmadi linaishi kama asubuhi na usiku. Kwa hiyo ni sahihi zaidi kulihesabu kuwa jina la muda.

3. Asili na maana ya kwanza

Wanazuoni wa Kiarabu hawakukubaliana juu ya shina la neno. Ibn Manzur, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 14, katika kamusi yake kubwa Lisan al-Arab aliliweka chini ya shina la konsonanti nne, s-r-m-d, akalieleza kuwa ni kuendelea kwa wakati, uwe wa usiku au wa mchana, na kwamba usiku unaoitwa sarmad ni usiku mrefu. Kabla yake al-Zamakhshari, aliyefariki mwaka 1144, katika tafsiri yake ya Kurani iitwayo al-Kashshaf, alikuwa ameshika njia nyingine. Kwake, m ni herufi iliyoongezwa, na shina la kweli ni s-r-d.

Sard ni kufuatanisha vitu bila kuacha nafasi. Neno hilo hilo hutumika kwa kazi ya mhunzi anayesuka vazi la vita la pete za chuma, pete ikishika pete, na katika sura ya 34 ya Kurani, aya ya 11, limo katika habari ya Daudi na kazi hiyo. Al-Zamakhshari alitoa mfano mwingine kutoka hesabu ya miezi mitukufu. Miezi hiyo ni minne: mitatu inafuatana na mmoja uko peke yake. Mswahili wa pwani anaweza kuihesabu kwa majina yake mwenyewe: Mfunguo pili, Mfunguo tatu na Mfunguo nne zinashikana kama mnyororo, kisha Rajabu inakuja mbali, peke yake. Ile mitatu ndiyo iliyo katika hali ya sard.

Ikiwa al-Zamakhshari alipata au alikosa katika jambo la herufi m, hilo laweza kuachiwa wataalamu wa Kisemiti. Kilicho na faida hapa ni kwamba pande zote mbili zinakutana katika maana. Anayelitoa neno katika s-r-d na anayeliacha katika s-r-m-d wote wanazungumzia urefu na mfululizo, kitu kinachoendelea bila kukatwa. Hakuna hata mmoja aliyeanza na wazo la kutokuwa na mwisho.

Ushahidi ulio mzito kuliko wote uko katika Kurani yenyewe, sura ya 28, aya ya 71 na ya 72. Neno linapatikana mara mbili, katika aya hizo zinazofuatana. Wasikilizaji wanaulizwa: kama Mungu angewafanyia usiku kuwa sarmad hata siku ya Kiyama, ni nani angewaletea mwangaza? Na kama angewafanyia mchana kuwa sarmad hata siku ya Kiyama, ni nani angewaletea usiku wa kupumzika? Kinachopaswa kuangaliwa ni kile kiungo «hata siku ya Kiyama». Sarmad limewekewa mpaka, tena mara mbili, bila mgongano wowote. Usiku unaozungumzwa ni usiku usiokatwa na mchana, nao una siku ya kukoma. Kipimo kilichotajwa katika sehemu ya kwanza kimepata jibu lake: sarmad, katika matumizi haya ya kale, liko katika kundi la mfululizo, si katika kundi la milele.

Mfasiri anayefuata kamusi bila kufikiri hujikuta hapa katika shida. Akiandika «usiku wa milele mpaka siku ya Kiyama», amemfanya mwenye kusema aseme jambo na kulivunja kwa pumzi moja. Akiandika «usiku mfululizo, usiokatika, mpaka siku ya Kiyama», maana inasimama yenyewe. Kosa la kwanza halitokani na kutojua Kiarabu wala kutojua Kiswahili. Linatokana na kuamini kwamba visawe ni maana.

4. Jinsi neno lilivyopandishwa

Ingekuwa si haki kusema kwamba kamusi zimebuni maana ya milele. Neno lilipandishwa cheo na Waarabu na Waajemi wenyewe muda mrefu kabla ya kufika katika ushairi wa Kiswahili. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alipanga daraja tatu za kudumu. Uhusiano wa vitu vinavyobadilika na vinavyobadilika aliuita zaman, yaani wakati wa kawaida. Uhusiano wa visivyobadilika na vinavyobadilika aliuita dahr. Uhusiano wa visivyobadilika na visivyobadilika ndio aliouita sarmad. Mir Damad wa Uajemi, aliyefariki mwaka 1631, aliijenga falsafa yake juu ya daraja hizo hizo. Kwa wanafalsafa hawa sarmad halikuwa tena usiku mrefu; lilikuwa hali ya aliye juu ya wakati wote, asiye na jana wala kesho.

Ukitazamwa kwa karibu, upandishaji huo haukulisaliti neno. Kisichokatika kikifikiriwa hata kikomo cha fikra, huwa ni kile ambacho hakuna kitu cha kukikata, wala mwanzo wala mwisho. Hapa ndipo jamaa yake inapoweza kupangwa kwa usafi. Azali hutazama nyuma: ni muda usio na mwanzo, na baadhi ya wanaleksikografia Waarabu walilitoa katika maneno yenye maana ya «hakuacha kuwapo». Abadi hutazama mbele: ni muda usio na mwisho. Daima, ambalo ni ndugu wa kitenzi kudumu kwa kuwa yote mawili yametoka katika shina la d-w-m, lina wazo la kukaa mahali pamoja. Waarabu huita maji yaliyotuama kwa neno la shina hilo. Sarmadi ndilo linaloangalia katikati, kiungo na kiungo, kama hakuna pengo. Daima ni maji ya kisima yaliyotulia. Sarmadi ni maji ya Lualaba, ambayo hayakai hata kidogo, lakini mtu hawezi kuonyesha mahali yalipokatika.

Katika Kiswahili tofauti hizo zilififia, na sababu moja yaweza kuwa ushairi. Mtunzi wa utenzi anafungwa na mizani nane kwa kila mstari na kina cha mwisho kinachorudi ubeti kwa ubeti. Kina cha -di ni chepesi na kina maneno mengi: ahadi, juhudi, idadi, zaidi. Mshairi anayetaka kusema kudumu na kutimiza kina hicho ana abadi na sarmadi mkononi, na mara nyingi huyaweka moja baada ya jingine ili kutia nguvu. Maneno yanayotembea pamoja hufanana. Msikilizaji anayeyasikia katika safu moja huyaona kuwa kitu kimoja kilichorudiwa, na mtunga kamusi anayekusanya mifano kutoka mashairi hana budi kuandika alichokikuta.

Huenda mpinzani akasema: asili ya neno si sheria ya maana yake, kama Waswahili wamelifanya sarmadi kuwa milele, basi ni milele. Hoja hiyo ni nzito na haifai kupuuzwa. Mfano wake uko katika jamaa hiyo hiyo. Abadani limetoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya daima, lakini katika Kiswahili hukana: anayejibu «Abadani!» amekataa kabisa. Hakuna mwenye akili atakayewaamuru Waswahili waanze kulitumia kwa maana ya daima ati kwa sababu ndivyo lilivyozaliwa. Lakini hali za maneno haya mawili hazilingani. Abadani limeamuliwa na vinywa vya watu wengi, kila siku, sokoni na nyumbani. Sarmadi halijapata umati wa kuliamulia. Linaishi kwa wachache, na wachache hao hulipata zaidi katika kamusi. Hivyo kamusi, inapolifasiri, haiandiki tu matumizi yaliyopo, inayatengeneza. Ikiandika milele peke yake, inalinyima neno kazi pekee ambayo wenzake hawawezi kuifanya, na neno lisilo na kazi yake hufa.

5. Mfano wa Kongo: haki isiyo na muda uliowekwa

Yaweza kuonekana kwamba habari hii ni ya pwani na ya wasomi wa Kiarabu, isiyowahusu watu wa Lubumbashi, Bukavu, Goma au Kisangani. Ni kweli kwamba Kiswahili cha Kongo hakina sarmadi. Milele ndilo lililoenea, na limepata nguvu yake kanisani, ambamo limeambatana na uzima usioweza kuondolewa na mtu. Kwa sababu hiyo milele katika masikio ya Mkongo ni neno zito, lisilokubali mpaka hata kidogo. Uzito huo ndio unaoleta tatizo linapotumiwa kufasiri lugha ya sheria.

Sheria ya ardhi ya Kongo, namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa mwaka 1980, imeweka ardhi yote kuwa mali ya Serikali peke yake. Raia hapewi udongo wenyewe, anapewa haki ya kuutumia, na haki iliyo kubwa kuliko zote inaitwa kwa Kifaransa «concession perpétuelle». Hiyo ni haki ya mtu binafsi mwenye uraia wa Kongo kutumia kiwanja chake bila muda uliowekwa, maadamu masharti ya sheria yanatimizwa. Wageni na makampuni hawaipati. Wao hupewa haki za muda.

Mtu mwenye lupango mjini Lubumbashi akielezwa kwa Kiswahili kwamba amepata haki «ya milele», anasikia nini? Anasikia kwamba udongo ni wake, wa watoto wake na wa wajukuu, na kwamba hakuna sheria inayoweza kuugusa. Haelezwi kwamba haki hiyo imefungwa na masharti, wala kwamba Serikali inaweza kuchukua kiwanja kwa manufaa ya umma kwa kufuata utaratibu wa sheria namba 77-001 ya tarehe 22 Februari 1977, ambayo inadai afidiwe. Siku atakapoambiwa, ataona amedanganywa. Kwa upande mmoja atakuwa amekosea, kwa kuwa hati yake haikusema hivyo kwa Kifaransa. Kwa upande mwingine atakuwa na haki ya kulalamika, kwa kuwa neno aliloelezwa lilisema hivyo kabisa. Tena, kwa kudhani kwamba haki yake haiwezi kuguswa, huenda asijali kutimiza masharti yanayoilinda, wala asijue kudai fidia ambayo sheria imemwekea.

Jambo la kuangaliwa ni kwamba neno la Kifaransa lina historia inayofanana sana na ya sarmadi. Perpétuel limetoka katika Kilatini perpetuus, na maana ya kwanza ya perpetuus ilikuwa kitu kinachoendelea bila kukatika, kama safu ya milima au hotuba inayotiririka. Baadaye nalo likapandishwa hadi kuwa lisilo na mwisho. Sheria ya mwaka 1973 imelirudisha karibu na maana yake ya zamani: haki haikatwi na tarehe, inaendelea mwaka baada ya mwaka, kutoka kwa mzazi hadi kwa mrithi, lakini ina «maadamu» yake, kama vile usiku wa sura ya 28 ulivyokuwa na «hata» yake.

Je, basi hati za ardhi ziandikwe kwa neno sarmadi? Hapana. Neno lisiloeleweka na mwenye lupango halimlindi, hata likiwa sahihi kiasi gani. Litamwacha mikononi mwa yule atakayemfasiria. Kiswahili kinachosemwa Kongo kina vifaa vya kutosha. «Haki ya kudumu, isiyo na muda uliowekwa, maadamu masharti yake yanatimizwa» ni maneno marefu kuliko «haki ya milele», lakini ni ya kweli, na mtu wa Kenya au wa Katuba atayaelewa bila kamusi. Faida ya sarmadi hapa ni ya namna nyingine: ndilo lililoonyesha kwamba kudumu bila kukatika na kudumu bila mwisho ni mambo mawili. Mfasiri aliyejifunza tofauti hiyo katika neno adimu ataitambua pia katika neno la kawaida.

6. Hitimisho

Kutokana na yaliyochunguzwa, mambo machache yanaweza kupendekezwa.

Kwa watunga kamusi: neno adimu lisifasiriwe kwa visawe peke yake. Katika habari ya sarmadi, ingefaa ziandikwe maana mbili kwa mpangilio: ya kwanza, kwa mfululizo usiokatika, ya pili, iliyoendelea katika falsafa na ushairi, bila mwanzo wala mwisho. Palipo na mabano ya asili, haitoshi kuandika kwamba neno ni la Kiarabu. Maana yake huko lilikotoka nayo itajwe, kwa sababu mara nyingi ndiyo inayoeleza kwa nini lugha ilihitaji neno la tano wakati ilikuwa na manne.

Kwa walimu: kipimo cha mpaka ni chepesi na chaweza kufundishwa hata katika mwaka wa kwanza. Mwanafunzi akipewa milele, daima, mfululizo, siku zote na kudumu, akaambiwa aviweke mbele ya «mpaka» na «maadamu», atagundua mwenyewe yale ambayo kamusi haikumwambia.

Kwa wafasiri, na hasa wale wanaoitwa kueleza sheria mbele ya wananchi: wajihadhari na maneno yaliyobeba uzito wa sala. Milele ni neno zuri mahali pake, lakini ofisini linaahidi zaidi ya hati iliyopigwa mhuri.

Mwisho, kuna kosa ambalo wanafunzi wa Kongo huelekea kulifanya mbele ya maneno kama sarmadi. Huyaona kuwa alama ya Kiswahili cha juu, wakakionea haya Kiswahili cha nyumbani kwao kisichokuwa nayo. Uchunguzi huu hauungi mkono aibu hiyo. Neno halina heshima kwa kuwa ni gumu wala kwa kuwa limetoka mbali. Heshima yake ni kazi inayofanya ambayo neno jingine haliwezi kuifanya. Sarmadi linastahili kuhifadhiwa kwa sababu hiyo moja, na mfululizo, maadamu na kudumu, yanayosikika kila siku katika mitaa ya Lubumbashi, yanastahili heshima hiyo hiyo kwa sababu hiyo hiyo.